Wimbo wa Pale Unapoandika Jina

Hapa Masakta, wilayani Hanang, naitwa Madam. Wanafunzi wananiita Madam, mkuu wa shule ananiita Madam, na mzee anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara naye ananiita Madam, ingawa ukimuuliza maana ya neno hilo atakwambia ndilo jina langu. Sikasiriki. Huku, kama kwetu Njombe, mwanamke wa umri wangu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na asiye na mtoto wa kutajwa huwapa watu shida. Madam ni neno lililowatoa kwenye shida hiyo.

Nilikuja kwa uhamisho niliouomba mwenyewe. Pale ofisini waliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu walimu huomba kutoka Hanang kwenda mjini, hawaombi kinyume chake. Nilikuwa na hakika. Mwanangu alifariki akiwa na miaka minane, homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu. Tulipomaliza matanga, majirani, dada zangu, hata mume wangu, wakaacha kuniita kwa jina la mtoto wakaanza kuniita Mwalimu. Walifanya kwa huruma, hawakutaka kunikumbusha. Kana kwamba nilikuwa nimesahau! Walimzika mtoto, halafu wakazika na jina langu, na hilo la pili hawakuniuliza. Mume wangu akaondoka taratibu, kwanza kwa kazi ya Mbeya, kisha kwa mwanamke wa Mbeya. Nikaona bora nikae mahali ambapo hakuna aliyewahi kuniita vile, ili nisiwe nasikia pengo kila ninapoamkiwa.

Jirani yangu hapa ni bibi mmoja Mwiraqw, mzaliwa wa Bashay kule Mbulu, aliyeolewa huku zamani. Shamba lake la mahindi na mbaazi linapakana na nyumba yangu ya shule, na kila asubuhi huniletea maziwa kwenye kidumu. Akienda kwao hurudi na vitunguu saumu vilivyosukwa mkia kwa mkia, ananitundikia mwenyewe jikoni bila kuomba ruhusa. Wiki yangu ya kwanza aliniuliza, baada ya shikamoo na marahaba na habari zote mpaka za kuku, "Sasa Madam, kwenu wanakuita mama nani?"

Nikasema, "Sina mtoto, bibi."

Nilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa ajili ya upepo. Alinipa pole, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Niliambiwa baadaye kwamba kwenye jumuiya yao ananiombea nipate uzazi. Nikaacha aombe. Mtu akishasema uongo wa namna ile mara moja, kuurudia hakuhitaji hata kufungua mdomo.

Nina kazi nyingine ambayo hapa hakuna anayeijua. Tuko watu wachache, tumetawanyika duniani, hatujawahi kuonana, tunatunza kumbukumbu za muziki wa gemu za zamani za video, zile za mashine ya kuchomekwa kanda. Swali letu ni moja: nani alitunga? Linaonekana la kitoto mpaka ulijaribu. Zamani hizo kampuni nyingi ziliogopa watu wao kunyakuliwa na kampuni nyingine, kwa hiyo ziliwakataza kuandika majina yao halisi. Gemu likiisha na majina yakaanza kupanda kwenye kioo, unakutana na Bwana Miwani, Samaki Mkavu, Mzee wa Jumatatu. Nyuma ya kila kichekesho kuna mtu aliyekaa ofisini akizipanga sauti tatu nne za mashine mpaka zikawa wimbo, na sasa ni mzee au amekufa, na wimbo wake unajulikana kuliko yeye. Sisi tunapekua mahojiano ya magazeti ya zamani, vijitabu vya ndani ya kaseti, hata maneno yaliyofichwa ndani ya kanda yenyewe. Kanuni yetu ni ushahidi wa aina mbili usiotegemeana. Ukiwa na mmoja unaandika "inasemekana," unatulia.

Niliingia humo kwa ajili ya wimbo mmoja. Mwanangu alikuwa na mashine ya kichina ya gemu, ile inayouzwa na kanda moja yenye michezo kibao, na katika yote aliupenda mmoja wa mtoto anayekusanya maembe akikimbizwa na nyuki. Ukipata alama nyingi, mwisho kinakuja kioo cha kuandika jina lako. Pale ndipo ulipokuwa wimbo wenyewe. Mfupi, wa kujirudia, una sehemu unanyamaza kidogo kabla ya sauti ya mwisho, kama mtu anayevuta pumzi mlangoni. Alikuwa akifika pale anaandika jina lake, halafu anaacha tu, hachezi tena, anaegemea kochi anasikiliza wakati mimi napika. Ukizima mashine majina yote yanafutika, kwa hiyo alikuwa akinipigia kelele nisiizime. Siku tuliyompeleka hospitali aliiacha inawaka, jina lake likiwa juu kabisa. Tuliporudi bila yeye, shangazi alikuwa ameshaizima. Alifanya sawa, nani anaacha televisheni inawaka kwenye msiba? Lakini mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Miaka ikapita nikautafuta wimbo ule mtandaoni. Huku mtandao unashika vizuri nyuma ya stoo ya shule, kwenye jiwe linalotazama mlima, na kila Jumamosi mchana, nikishafua, nilikaa pale na spika za masikioni nikisikiliza gemu moja baada ya jingine. Upepo wa pale haujui kupumzika. Baridi ya Njombe naijua, ni baridi inayokaa chini ikatulia, lakini hii ya Hanang inakufuata mpaka ndani ya koti. Bibi jirani aliniona mara nyingi akipita na kuni. Alidhani nasikiliza mahubiri, na kwa hilo aliniheshimu zaidi.

Niliupata. Gemu lilikuwa la Kijapani, la kampuni ndogo iliyokufa zamani, na watengenezaji wa kanda za bei rahisi walikuwa wameliiba na kufuta majina mwishoni. Kwenye lile halisi majina yapo. Muziki umeandikwa kuwa ni wa watu wawili. Wa kwanza alishatambuliwa, ni Mzee wa Jumatatu, naye mwenyewe aliwahi kusema kwamba wimbo wa kuandika jina si wake. Wa pili aliandikwa hivi: Mama wa Fulani. Jina la huyo Fulani sitalitaja, kwa sababu mtunzi mwenyewe hakupenda litoke nje ya ukurasa wake. Inatosha kusema ni jina la kawaida kule kwao, la mtoto wa kiume, la mtu yeyote. Mbele yake, kwenye safu ya mtunzi halisi, palikuwa na neno moja: hajulikani.

Wenzangu wa mtandaoni, wengi wao wanaume wa nchi za theluji, walikuwa wamekubaliana kwamba ni utani. Walisema huenda ni kidume fulani chenye ndevu kilichojiita mama kwa kuchekesha wenzake. Niliwajibu kwa hasira, nikiwa kwenye jiwe langu. Niliwaandikia kwamba kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake, anaitwa kwa mwanawe, na hakuna utani ndani yake, ni heshima. Nikawaambia wanatafuta mtu mwenye ndevu kwa sababu hawajawahi kumwita mwanamke inavyostahili. Mhariri wetu mkuu, mzee mmoja mpole ambaye amekagua kazi zangu zote, akajibu: sawa, lete ushahidi.

Nikauleta. Ilinichukua miezi. Nilipata kijitabu cha kaseti ya muziki wa kampuni ileile, na ndani yake mwanamke mmoja mtunzi anamshukuru mwanawe wa kiume, na jina la mwana ni lilelile. Mwanamke, mtunzi, kampuni moja, mtoto mwenye jina lile. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Mzee wa mtandaoni akapitisha. Niliandika jina lake kwa mkono wangu kwenye safu iliyokuwa wazi, wenzangu wakanipongeza, na mimi nikakaa kwenye jiwe lile nikalia kwa furaha, maana wimbo alioupenda mwanangu ulikuwa umetungwa na mama mwenye mwana.

Sasa niseme na lile nililolificha. Niliwahi kusikiliza nyimbo nyingine zote za marehemu yule. Hakuna hata mmoja wenye ule ukimya kabla ya sauti ya mwisho. Yeye alikuwa mtu wa kujaza, hakuacha nafasi ya nzi kupita. Nilisikia tofauti hiyo siku ya kwanza, nikajifanya kiziwi. Mwanafunzi wangu wa hesabu akinifanyia hivyo, akachagua jibu kwanza halafu akalitafutia njia, namkata alama bila huruma. Lakini mimi nilitaka awe mama. Nilitaka sana.

Barua ilikuja mwaka jana, Jumamosi kama nyingine. Ilikuwa ya Kijapani. Niliipitisha kwenye mashine ya kutafsiri ya simuni, ikatoka Kiingereza cha kuchechemea, na mimi hapa naileta kwa Kiswahili kama nilivyoielewa. Mwandishi alisema yeye ni mwanamke mzee anayeishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alifanya kazi ya muziki kwa miaka michache tu ujanani, akaacha, akawa karani maisha yake yote. Siku moja alitaka kumwonyesha msichana anayemhudumia kitu kimoja alichowahi kufanya, wakatafuta, wakaupata ukurasa wetu, na mahali pake akakuta jina la mwenzake wa meza ya pili. Hakulaumu. Alisema mwenzake yule alikuwa mtunzi bora kuliko yeye na hastahili kubebeshwa kazi ya mtu mwingine. Kisha akaandika: "Mimi sikuzaa. Fulani alikuwa paka."

Nilisoma sentensi ile nikafikiri mashine imekosea. Nikarudia kipande kile peke yake. Paka. Nikatumia mashine nyingine. Paka. Alikuwa amemkuta chini ya ngazi za ofisi yao, ametupwa na mvua, akamlea kwa kijiko, naye paka akalala mezani kwake miaka yote aliyofanya kazi pale, na alipoacha kazi alimchukua. Wenzake wakamwita Mama wa Fulani kwa utani. Wimbo wa kuandika jina aliutunga urefu wake sawasawa na muda paka yule aliochukua kumaliza chakula, na ule ukimya wa mwisho ni pale alipoinua kichwa kumtazama kabla ya kulamba sahani. Mwisho wa barua aliomba jambo moja. Jina la mwenzake liondolewe. Lake halisi lisiwekwe, halina maana kwa mtu yeyote. Liachwe Mama wa Fulani, na pembeni iandikwe kwamba mwenyewe amethibitisha. Aliomba tufanye upesi kwa sababu macho yake yanakwisha, daktari amemwambia ni suala la wiki, na alitaka kulisoma yeye mwenyewe.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilishuka kwenye jiwe nikaenda nyumbani nikiongea peke yangu. Mama wa paka! Mimi, niliyebeba mimba, nikazaa kwa kupasuliwa, nikalea, nikazika, nimenyang'anywa jina na watu wanaonipenda, na huyu anataka lake lithibitishwe kwa ajili ya paka. Kwetu paka ni wa panya. Anapewa mabaki, na akifa hakuna anayeuliza alikuwa anaitwaje. Nilihisi nimetukanwa, tena nimetukaniwa hata mwanangu, aliyekuwa akiegemea kochi kusikiliza chakula cha paka. Nilikasirika kiasi kwamba niliunguza maharage.

Lakini kanuni ni kanuni. Neno la mtunzi mwenyewe ni ushahidi mmoja, unatakiwa wa pili. Nikamjibu kwa adabu kavu ya kiofisi, nikamwomba chochote cha maandishi. Nadhani nilitumaini hatakuwa nacho. Baada ya siku mbili akaleta picha ya ukurasa wa daftari lake la kazi. Watunzi wa enzi ile hawakuandika noti, waliandika tarakimu, mistari na mistari ya namba za kuilisha mashine. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na alama mbili za wino, za unyayo mdogo wenye vidole vinne.

Jumamosi iliyofuata nilijifungia kwenye darasa la kidato cha pili, shule ikiwa tupu, nikanakili namba zile ubaoni kwa chaki. Kila namba ina sauti yake na urefu wake, ukijua kanuni unaweza kuzigeuza kuwa wimbo kwa mkono. Ilinichukua mchana mzima. Upande wa kushoto niliweka namba za daftari, upande wa kulia zile tulizozitoa ndani ya kanda. Zilifanana mstari kwa mstari mpaka karibu na mwisho. Kwenye daftari palikuwa na namba iliyokatwa na nyingine kuandikwa juu yake, na ile iliyoandikwa juu ndiyo iliyokuwa ndani ya kanda. Ilikuwa namba ya ukimya. Hakuna mtu anayeweza kughushi kitu kama kile. Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi nikautazama ubao. Kisha nikaufuta, nikanawa chaki, nikaenda nyumbani, na sikurekebisha kitu.

Wiki moja ikapita. Nilijiambia nasahihisha mitihani. Ya pili nikajiambia mtandao ni mbovu, na kweli siku mbili ulikuwa mbovu. Ya tatu sikujiambia chochote. Alikuwa ameniandikia tena, mistari miwili tu, akiuliza kama kuna kingine kinachohitajika. Sikujibu. Nilijua macho yake yanahesabiwa siku, nilijua kabisa, na kila nilipoinua simu nilimwona paka. Najiandikia haya kwa aibu. Katika maisha yangu nimefanya makosa mengi kwa kutokujua, lakini hili nililifanya nikijua.

Jumapili ya wiki hiyo ya tatu, baada ya ibada, bibi jirani alikuja kukaa jikoni kwangu tukimenya vitunguu saumu. Kulikuwa na harusi kwa kaka yake na alikuwa amejitolea gunia zima. Simu yangu ilikuwa mezani, picha ya unyayo ikiwa wazi. Akauliza ni kitu gani. Kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu wa hapa, kwa maneno machache, kwamba kuna bibi wa Japani alitunga wimbo na anataka aitwe mama wa paka wake.

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mama wa paka! Huyo paka alikula nyama kila siku kuliko mimi." Akachukua kisu. Akamenya viwili vitatu. "Watu wenyewe walimwita hivyo?"

"Wenzake wa ofisini."

"Na yeye akaitika?"

"Akaitika."

"Sasa tatizo liko wapi? Jina si la anayeita. La anayeitika."

Sikupenda jibu lile. Nikamwambia yeye anaona rahisi kwa sababu mwanawe yupo, analima, anamletea wajukuu. Nilikuwa na maana ya mtoto wake mkubwa, yule mwenye trekta, ambaye kwa miaka sita niliamini kwamba ndiye ambaye bibi anaitwa mama yake.

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa jedwali la mbili. "Yule si wa kwanza. Yule anaitwa jina jingine kabisa, wewe hujawahi kusikia wakimwita?" Nilikuwa nimesikia, nikadhani ni jina lake la ubatizo, maana huku kila mtu ana majina mawili. "Wa kwanza alikufa hajatambaa bado. Surua. Wakataka kunibadilishia, waniite kwa huyu wa trekta alivyozaliwa. Mama mkwe mwenyewe ndiye alianza. Mimi nikakataa kuitika. Wananiita kwa jipya, nanyamaza. Wananiita shambani, nanyamaza, ng'ombe wanaingia kwenye mahindi, nanyamaza. Nimenuna karibu mwaka mzima. Mwisho wakachoka wakarudisha." Akatupa maganda kwenye beseni. "Angekuwa mzee sasa. Angekuwa na mvi."

Kisha akaanza kulalamika kuhusu bei ya mbolea, na sikumsikia. Mimi ninayekagua majina ya watu wa bahari ya mbali nilikuwa nimekunywa maziwa ya mwanamke huyu miaka sita bila kuuliza jina lake lilitoka wapi. Na mimi nilikuwa nimekubali. Walipoanza kuniita Mwalimu niliitika siku ya kwanza, kwa adabu, na kuitika kwangu ndiko kulikomaliza kazi. Halafu nikaja huku nikamkana mwanangu kwa mdomo wangu. Machozi yakaanza kunitoka. Bibi akasema ni vitunguu, akasogeza beseni upande wake.

Alipoondoka nilipanda kwenye jiwe. Nilifungua ukurasa, nikafuta jina la marehemu, nikaandika kwenye safu ya mtunzi: Mama wa Fulani. Pembeni nikaandika kwamba mtunzi mwenyewe amethibitisha, na daftari lake limekaguliwa namba kwa namba. Kwenye sehemu ya maelezo ya kosa, ambako huwa tunaandika kwa kifupi "chanzo kilitafsiriwa vibaya," niliandika kwamba mkaguzi aliona alichotaka kuona. Mzee wetu wa nchi ya theluji akapitisha ndani ya saa moja. Kisha nikamwandikia yule mama, nikamwomba radhi kwa kuchelewa, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyestahili kuambiwa, nikamwambia habari za kochi, za kuandika jina na kuacha wimbo ukicheza. Nikamtajia na jina la mwanangu. Sikuwa nimeliandika popote tangu kwenye msalaba.

Jibu lilikuja siku nne baadaye, kutoka kwa msichana anayemhudumia. Alisema bibi anashukuru. Alisema ukurasa hakuweza kuusoma mwenyewe, wiki iliyotangulia bado alikuwa akitofautisha herufi kubwa kwa kioo cha kukuzia, sasa hapana. Kwa hiyo amesomewa. Ameomba asomewe mara tatu, na barua yangu mara mbili. Na amesema nimwambie mwanangu kwamba Fulani naye alikuwa hapendi mashine izimwe, kwa sababu alilalia juu yake kupata joto.

Wiki iliyotangulia. Nilihesabu, ingawa hapakuwa na haja ya kuhesabu. Kama ningefanya kazi yangu siku ile nilipofuta ubao, angesoma kwa macho yake. Haya siwezi kuyarekebisha, hakuna safu ya kuyaandika. Nilikaa juu ya jiwe mpaka mikono ikafa ganzi, na mlima mbele yangu ukiwa umejifunika wingu kichwani kama kawaida yake.

Nilipopita kwa bibi alikuwa anakamua. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamwambia nina jambo. Nikamwambia kwamba siku ile ya kwanza nilimdanganya, kwamba ninaye mtoto, wa kiume, yuko Njombe, kaburini. Nikamwambia anaitwa nani.

Aliacha kukamua. Nilitegemea pole, na nilikuwa nimejiandaa kuichukia. "Miaka sita!" akasema. "Miaka sita nakuombea mtoto, kumbe Mungu ananishangaa tu! Umenifanya mjinga hata mbinguni." Alikuwa amekasirika kweli. Aliendelea kukamua kwa fujo, ng'ombe akampiga mkia, naye akampiga kofi. Nikachukua kidumu changu nikaondoka, nikidhani na hili nimeliharibu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba naanika, nikimpa mgongo uzio. Maziwa hayakuwa yameletwa. Upepo ulikuwa unanipiga shuka usoni. Nikasikia anaita kutoka ng'ambo ya mahindi, kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, inayofika hadi barabarani. Alikuwa anamwita mama wa mtu. Nikaendelea kuanika, nikifikiri kuna mwanamke anapita njiani na kuni.

Akaita tena, kwa hasira kidogo, akilitaja jina la mwanangu lote, wazi, kwa lafudhi ya Bashay.

Nikaitika.